Rezidensi ya Marekani: fani ipi inampokea daktari aliyesoma Afrika Mashariki?

Machi 2025, matokeo ya upangaji wa rezidensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) Marekani yalipotoka, tiba ya familia ilibaki na nafasi 805 zisizo na mtu. Katika matokeo hayohayo, zaidi ya madaktari 4,000 waliosoma nje na wasio raia wa Marekani walikosa nafasi katika fani zote. Anayeziona namba hizi kwa mara ya kwanza husema moyoni: basi nitaomba tiba ya familia, huko wananisubiri. Hakuna anayemsubiri. Nafasi iliyobaki tupu si lazima iwe nafasi unayoweza kupewa wewe, na ukilielewa hilo utasoma kwa jicho jingine orodha za "fani rahisi" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya madaktari.

Nawaandikia waliomaliza Muhimbili, KCMC, Bugando, Nairobi, Moi, Makerere na vyuo vingine vya kwetu, wakapita mwaka wa intern, na sasa wanajiuliza waombe fani gani. Sitajadili kama uondoke au ubaki. Hilo ni lako na familia yako.

Namba za jumla, na zinapopotosha

Upangaji huendeshwa na NRMP, mfumo ulioanza 1952. Maombi hutumwa mwishoni mwa Septemba, usaili hufanyika zaidi kati ya Oktoba na Januari, kisha kila upande huandika orodha ya anaowataka kwa mpangilio na kompyuta ikawaunganisha. Majibu hutoka Ijumaa ya tatu ya Machi, kazi huanza Julai. Hesabu inayotumika, aliyoisanifu upya Alvin Roth pamoja na Elliott Peranson miaka ya 1990, inamlinda mwombaji: hupotezi chochote kwa kuweka juu programu (hospitali inayofundisha fani hiyo) unayoipenda, hata kama unaamini haitakuchukua. Roth alipata Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley kwa kazi ya namna hii, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekushauri upange orodha "kwa ujanja".

Mwaka 2025 zilitolewa nafasi 43,237 kwa jumla. Wahitimu wa mwaka huo wa vyuo vya MD vya Marekani walipata kwa asilimia 93.5. Raia wa Marekani waliosoma nje, wengi wao katika vyuo vya visiwa vya Karibi, walipata kwa asilimia 67.8. Sisi wengine, waliosoma nje wasio raia, tulipata kwa asilimia 58.0.

Hiyo 58 inatia moyo kuliko inavyostahili. Inawahesabu waliofika hatua ya kuwasilisha orodha ya programu, na anayefika huko kwa kawaida ni yule aliyeitwa kwenye usaili. Walioomba programu mia moja wasiitwe hata moja wengi hujiondoa mapema, na hawamo kwenye hesabu. Tena ni wastani wa fani zote. Katika magonjwa ya ndani nafasi yako ni nzuri kuliko hiyo. Katika upasuaji wa mifupa ni afadhali usiulize.

Ndiyo maana ukilinganisha fani usianze na idadi ya nafasi wala asilimia iliyojaa. Anza na swali hili: kati ya waliopata mwaka jana, wangapi walikuwa kama mimi? NRMP huchapisha jedwali hilo kila mwaka kwa kila fani, bure.

Magonjwa ya ndani au tiba ya familia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tutaishia katika mojawapo.

Kwa macho ya haraka zinafanana. Zote miaka 3, zote kazi ya wodini na kliniki, zote zinahitajika sana katika kaunti za vijijini za Marekani. Tofauti inaonekana ukiangalia nani amekaa humo. Magonjwa ya ndani ilitoa karibu nafasi 11,000 mwaka 2025, na takriban theluthi moja ilichukuliwa na waliosoma nje wasio raia. Takriban nusu ya wenzetu wote wanaopata rezidensi huipata humu. Hospitali za mijini, hasa New York, New Jersey, Michigan na Illinois, zina programu ambazo karibu rezidenti wote wamesoma nje. Programu ya namna hiyo inajua viza inavyoshughulikiwa, haishtuki kuona jina la chuo usilolisikia Ohio, na mkurugenzi wake huenda alipita njia hiyohiyo.

Tiba ya familia ilitoa zaidi ya nafasi 5,300 mwaka huohuo, lakini wasio raia hawakufika hata robo ya waliochukuliwa. Kwa nini, ilhali wanakosa watu? Programu nyingi ni ndogo, za rezidenti wanne hadi wanane kwa mwaka, katika miji midogo, na hospitali zao hazina ofisi wala fedha za kushughulikia viza. Nyingine huweka kichujio: asiye na kibali cha kudumu cha kuishi Marekani asiombe; aliyehitimu zaidi ya miaka mitano iliyopita asiombe; asiye na uzoefu wa kliniki ndani ya Marekani asiombe. Halafu kuna jambo ambalo wakurugenzi wao hulitilia maanani kweli: wanataka mtu aliyeichagua fani yao. Barua ya maelezo inayonuka magonjwa ya ndani, yenye sentensi mbili za familia zilizobandikwa mwishoni, huonekana kutoka mbali. Wanajua unawafanya godoro la kuangukia.

Kwa hiyo zile nafasi 805 nyingi zilikuwa nyuma ya kuta ambazo mwombaji wa kwetu hakuweza kuzipanda. Zinapoachwa huingia katika duru ya wiki hiyohiyo iitwayo SOAP, yenye awamu nne na kikomo cha maombi 45. Huko nako wahitimu wa Marekani waliokosa fani zao za juu hushuka na kuzichukua. Asijenge mtu mpango wake juu ya SOAP.

Hukumu yangu: ukiwa na alama nzuri ya Step 2 CK, mmoja wa mitihani ya leseni ya Marekani, na umehitimu karibuni, magonjwa ya ndani kwanza bila kusitasita. Tiba ya familia iwe chaguo la kweli kwa aliyefanya kazi kituo cha afya au hospitali ya wilaya, akazalisha, akatibu watoto, akashona majeraha usiku mmoja. Huyo ana hadithi ambayo kijana wa Boston hana, na akiieleza vizuri inasikika. Mganga wa hospitali ya wilaya, kwa lugha ya Marekani, tayari ni daktari wa familia asiye na cheti.

Kuna suala la kurudi. Magonjwa ya ndani hufungua ubobezi: moyo miaka 3, mfumo wa chakula miaka 3, figo miaka 2, magonjwa ya kuambukiza miaka 2. Moyo na mfumo wa chakula hupiganiwa kama fani za juu, na programu ndogo ya jamii isiyo na utafiti itakupa shida kufika. Figo na magonjwa ya kuambukiza hubaki na nafasi tupu kila mwaka, na hizi zinapokea wageni kweli. Ajabu ni kwamba ndizo ambazo hospitali zetu zinazililia: vitengo vya kusafisha damu vimefunguliwa mikoa mingi kuliko madaktari bingwa wabobezi wa figo waliopo. Mwenye tiba ya familia akirudi Tanzania atakuta fani bado changa, inayofundishwa mahali pachache kama Aga Khan, na waajiri wengi hawajui wampe cheo gani. Kenya iko mbele kidogo, maana Moi walianza miaka ya 2000. Kama nia ni kurudi baada ya miaka michache, lipime hili kabla ya kulipia chochote.

Watoto na afya ya akili: mishale miwili inayopishana

Magonjwa ya watoto inazidi kuwa rahisi kwetu, na ya akili inazidi kuwa ngumu.

Watoto hutoa zaidi ya nafasi 3,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 zaidi ya 200 zilibaki wazi, jambo lililowashtua wenyewe. Wahitimu wa Marekani wanaikimbia kwa sababu ya malipo, ambayo ni kati ya ya chini kabisa miongoni mwa madaktari bingwa huko. Kwa daktari wa kwetu aliyezoea wodi yenye watoto wawili kitanda kimoja, aliyetibu malaria kali, utapiamlo na nimonia kabla ya kifungua kinywa, hii ni fani ambayo uzoefu wake una uzito. Wanaochukuliwa kwa upande wetu bado hawafiki robo, ila mshale unaelekea juu.

Akili zamani ilikuwa kimbilio. Miaka ya 2000 mtu aliyesoma nje aliingia kwa alama za kawaida. Leo, pamoja na nafasi zaidi ya 2,200, hujaa karibu zote, na wasio raia ni chini ya mmoja kati ya kumi. Vijana wa Marekani wameipenda: saa za kazi ni za kibinadamu, kliniki binafsi inalipa, na mazungumzo juu ya afya ya akili yamebadilika. Bado utamsikia mtu wa zamani akikwambia "omba akili, wanachukua yeyote". Alikuwa sahihi wakati wake. Isitoshe ni fani ya lugha: usaili wake hupima namna unavyosikiliza na kujibu, si msamiati wa kitabuni, na hapo wengi hujikwaa bila kujua.

Patholojia au mishipa ya fahamu

Zote miaka 4, na zote hazitajwi vya kutosha kwenye magrupu yetu.

Patholojia, fani ya kuchunguza magonjwa maabara, ni ndogo, nafasi 600 na ushei, lakini takriban theluthi moja huenda kwa waliosoma nje wasio raia. Ukilinganisha kwa kipimo hicho inasimama bega kwa bega na magonjwa ya ndani, na waombaji ni wachache. Wahitimu wa Marekani wengi hawaioni shuleni, hivyo hawaiombi. Hawatazami sana kama umehitimu zamani, ilimradi miaka hiyo uliitumia maabara au kufundisha. Kilicho muhimu ni uthibitisho kwamba unaitaka: wiki kadhaa ukiwa na wanapatholojia, barua ya mapendekezo kutoka kwao, na ikiwezekana ripoti ya kesi. Aliyefundisha patholojia chuoni kama mwalimu msaidizi yuko mbele ya wengi bila kujijua.

Kasoro yake inakuja baadaye. Daktari mwenye viza ya J-1 (viza ya mafunzo) akimaliza lazima arudi kwao miaka miwili, au apate msamaha kwa kufanya kazi miaka mitatu penye uhaba wa madaktari, kupitia mpango wa Conrad ulioanza 1994 unaotengea kila jimbo nafasi 30 kwa mwaka. Majimbo mengi hutanguliza fani za kuona wagonjwa moja kwa moja: ndani, familia, watoto, akili. Mwanapatholojia hubaki akisubiri masalia. Pia ajira nyingi hudai mwaka mmoja au miwili ya ubobezi juu ya ile minne. Kwa anayekusudia kurudi, kasoro hizi hazimhusu, na patholojia inageuka kuwa chaguo zuri kuliko yote. Uliza hospitali yoyote ya rufaa ya kanda majibu ya kipimo cha nyama yanachukua muda gani.

Mishipa ya fahamu ina nafasi mia nane na kitu za kuanzia mwaka wa kwanza, na waliosoma nje wasio raia ni kama mmoja kati ya watano. Ni ngumu kiasi kuliko patholojia na inazidi kupendwa, kwa sababu kiharusi sasa kina matibabu ya haraka na fani imeamka. Inataka alama nzuri na utafiti kidogo. Ila inampa mtu wagonjwa, na soko la ajira lenye njaa: hospitali nyingi za miji midogo zinatumia madaktari wa kiharusi kwa njia ya video kwa sababu hazina wao. Msamaha wa viza unapatikana kwa urahisi zaidi. Nikiwa na kijana mwenye alama nzuri asiye na mapenzi makubwa na magonjwa ya ndani, humwelekeza huku.

Upasuaji: soma neno moja kabla ya kubofya

Fani ya upasuaji wa jumla huchukua miaka 5 na ina aina mbili za nafasi. Nafasi kamili ni ile inayokupeleka hadi mwisho. Nafasi ya awali ni ya mwaka mmoja tu, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaokwenda fani nyingine zinazodai mwaka wa msingi. Mamia ya hizi za awali hubaki tupu kila Machi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwombaji wa kwetu huona "upasuaji wa jumla", huona nafasi tupu, huingia. Hufanya kazi mwaka mzima kwa saa zisizohesabika akitarajia kwamba atapandishwa. Wengine hupandishwa. Wengi humaliza Juni wakiwa na barua nzuri ya shukrani na viza inayokwisha.

Kwenye nafasi kamili, wasio raia ni chini ya mmoja kati ya kumi, na wengi wao walitanguliza miaka miwili au zaidi ya utafiti katika hospitali kubwa, mara nyingi kwa mshahara mdogo au bila mshahara. Ni njia halisi. Ni ndefu na ina gharama.

Kwa upasuaji, ulinganisho wa haki ni na COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha na kilichoanza 1999. Unafunzwa ndani ya hospitali iliyosajiliwa huku ukifanya kazi: miaka 2 ya kwanza, kisha mitatu ya ubingwa wenyewe. Utashika kisu mapema mno kuliko mwenzako wa Marekani, ambaye mwaka wa pili bado anashikilia kamera. Anayetaka upasuaji kwa ajili ya upasuaji, si kwa ajili ya Marekani, aanzie hapo. Nasema hivi nikijua kuna watakaokasirika.

Mifupa, ubongo, ngozi, pua na koo, upasuaji wa kurekebisha maumbile: mifupa ina nafasi 900 na ushei, upasuaji wa ubongo takriban 240 kwa nchi nzima, na wageni huhesabika kwa vidole. Wanaopata huwa wamekaa maabara za vyuo vikuu kwa miaka na wanajulikana kwa jina. Uzazi na magonjwa ya wanawake, dawa za usingizi na radiolojia ziko katikati: zinawezekana, ila wanaopata kwa kawaida wana alama za juu sana na mtu wa ndani anayewapigia simu.

Dharura nayo inastahili sentensi chache kwa sababu ya kilichotokea. Mwaka 2023 zaidi ya nafasi 550 zilibaki tupu kati ya takriban 3,000, watu wakatangaza kwamba fani imefunguka kwa wageni. Mwaka uliofuata zilibaki 135, na 2025 hazikufika mia. Mwanya ulizibwa hasa na wahitimu wa vyuo vya osteopathi (aina ya pili ya vyuo vya udaktari) vya Marekani na raia waliosoma nje. Aliyepanga maisha yake kwa habari za mwaka mmoja alichelewa.

Kwa kifupi, ubavu kwa ubavu

| Fani | Miaka | Sehemu ya wasio raia waliosoma nje | Cha kuangalia |
|---|---|---|---|
| Magonjwa ya ndani | 3 | kama theluthi | ubobezi wa moyo na tumbo ni vita ya pili |
| Tiba ya familia | 3 | chini ya robo | vichujio vya viza na mwaka wa kuhitimu |
| Watoto | 3 | chini ya robo, inapanda | malipo ya chini |
| Akili | 4 | chini ya moja ya kumi | lugha. Sifa zake za zamani zimepitwa |
| Patholojia | 4 | kama theluthi | msamaha wa viza |
| Mishipa ya fahamu | 4 | kama moja ya tano | inazidi kugombewa |
| Upasuaji, nafasi kamili | 5 | chini ya moja ya kumi | usichanganye na nafasi ya awali |

Alama, miaka na fedha

Tangu Januari 2022 Step 1 haina alama, ni kufaulu au kufeli. Uzito wote umehamia Step 2 CK. Alama ya kufaulu ilipandishwa hadi 218 Julai 2025, lakini kufaulu tu hakumwiti mtu kwenye usaili. Kwa magonjwa ya ndani lenga 240 na kuendelea. Tiba ya familia na watoto huvumilia chini ya hapo. Kufeli mara moja, hata ukirudia vizuri, hufunga programu nyingi kimyakimya.

Mwaka wa kuhitimu unatuumiza sisi zaidi kwa sababu ya maisha yetu. Mtu anamaliza chuo, intern, anasubiri ajira, anapangiwa wilayani, anaoa, na miaka sita imekwisha. Kwa aliyepita miaka mitano, patholojia na baadhi ya programu za ndani za mijini ndizo zenye uvumilivu. Upasuaji na mishipa ya fahamu hazina.

Ada za maombi nazo huamua fani. Msimu wa 2025 kila programu kati ya 30 za kwanza katika fani iligharimu dola 11, na kila inayozidi hapo dola 30. Ukiomba programu 100 za magonjwa ya ndani umelipa dola 2,430, zaidi ya shilingi milioni 5 za Tanzania au laki 3 za Kenya, kabla ya mitihani, tiketi na miezi ya kukaa Marekani kutafuta barua za mapendekezo. Patholojia nzima haina programu nyingi kiasi hicho zinazokufaa. Bili inakuwa nusu. Kuna pia alama za kuonyesha nia ambazo mwombaji huzigawa kwa programu anazozitaka zaidi: msimu huo magonjwa ya ndani zilikuwa 15, familia 5, mifupa 30. Usizipeleke kwenye hospitali zenye majina makubwa. Zipeleke kwenye programu ambazo orodha yao ya rezidenti, iliyoko wazi kwenye tovuti, ina waliosoma nje tangu mwaka jana na juzi.

Viza inaweza kupindua yote haya

Wengi huingia kwa J-1. Inadai barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako ikisema fani hiyo inahitajika na kwamba utarudi, na barua hiyo hutaja fani kwa jina. Ukibadilisha fani, unatafuta nyingine. Muda wake wa kawaida hauzidi miaka 7, kwa hiyo upasuaji wa miaka 5 unakuachia nafasi ya ubobezi wa miaka 2 tu, wakati magonjwa ya ndani inaachia 4. H-1B, viza ya kazi, haina sharti la kurudi lakini hudai mtihani wa Step 3 mapema, na tangu Septemba 2025 serikali ya Marekani imeweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Hospitali ndogo ya tiba ya familia haitailipa.

Na kuna uraia. Burundi iliwekewa zuio la sehemu la kuingia Marekani Juni 2025, na tangazo la Desemba 2025 likaongeza Tanzania, kuanzia Januari 2026, likigusa pia viza za J. Masharti na misamaha ya matangazo haya hubadilika, kwa hiyo Mtanzania au Mrundi asome hali ya siku anayotuma maombi, na aiulize programu waziwazi kabla ya kuipa alama ya nia. Programu kubwa za magonjwa ya ndani na patholojia za vyuo vikuu zina wanasheria na uvumilivu wa kumsubiri rezidenti aliyechelewa Julai. Programu ya familia yenye rezidenti wanne haiwezi kubaki na watatu.

Ukiamua kuomba fani mbili, inaruhusiwa, na NRMP hukuwezesha kuzichanganya katika orodha moja. Ndani na familia huchanganyika vizuri. Ndani na mishipa ya fahamu pia. Patholojia na kitu kingine huchanganyika vibaya, maana hospitali moja ikikuona kwenye fani zote mbili wakurugenzi huulizana. Kila fani hudai barua zake tatu na maelezo yake yaliyoandikwa upya toka mstari wa kwanza. Kama huna nguvu wala fedha ya kuandaa mafaili mawili kamili kufikia Septemba, omba moja.